Musumari wa Paulin

Mama Béata, mushauri mupendwa wa redio yetu, naomba musaada wako, na kama utacheka basi ucheke baada ya kufunga mikro, maana mimi ni muzee, masomo yangu yaliishia pale mwalimu aliponichoka, na hii barua naiandika kwa mukono wangu mwenyewe, ndiyo maana mistari inapanda na kushuka kama barabara ya Rutshuru. Majina nimebadilisha yote, usihangaike.

Kuna mwanamuke, tumuite Masika, mujane, mutu wa Butembo, yuko na nganda yake, kabaa kadogo, mutaa wa Birere hapa Goma, bia yake ni baridi na mishikaki yake ya mbuzi sijaona mufano, na ukutani kuna ubao wa muviringo wa kurushia vishale, ule muchezo vijana wanaita fléchettes, na mimi kila siku niko pale, wengine wanasema ni sababu ya bia, wengine sababu ya vishale, wote waongo, ni sababu ya Masika. Nilishamwambia, mwaka jana, akanijibu nisubiri kwanza amalize kufagia, na mpaka leo sijajua kama amemaliza.

Sasa sikia habari ya ukuta. Marehemu bwana yake, tumuite Paulin, ndiye aliyepiga musumari wa kutundikia ubao, siku walipofungua nganda. Halafu volkano ikashuka, ile ya mwaka elfu mbili na mbili, tukakimbilia Gisenyi, watu wamebeba magodoro, Masika amebeba ubao wa vishale kichwani, Paulin nyuma anamufokea kwa nini ameacha sufuria ya maharagi. Tuliporudi, paa limeungua, kuta zimelala, umebaki mumoja tu wa mawe, volkano imeingia ndani ikaganda kimo cha goti, na musumari uko pale pale, mweusi kwa moshi lakini hautikisiki. Paulin akaushika akacheka, akasema kama moto umeshindwa kuuondoa basi hapa hapa tutajenga. Ile volkano wakaisawazisha kwa sementi ikawa sakafu, wakapandisha kuta, ubao ukarudi kwenye musumari ule ule. Kisha vita ikarudi, unajua vita yetu, kila uasi unajiita kwa herufi zake mpya, Paulin akaenda Kiwanja kununua maharagi, wakati wa kurudi gari lao likakutana na risasi pale Kalengera, na yeye hakufika nyumbani. Tangu hapo musumari hauguswi. Mwashi mumoja, Donat, alikuja kupaka chokaa akataka kuuondoa ili ukuta uwe laini, na Masika akamwambia polepole, "Donat, ukitaka kubomoa ukuta, bomoa. Huo musumari uniachie."

Bon. Yametangazwa mashindano ya kufuzu, hapa Goma, katika salle, ukumbi wa oteli moja ya kando ya ziwa, mwisho wa mwezi huu. Atakayeshinda ataenda Nairobi kucheza na wale ambao vishale ndiyo kazi yao, wanakula kwa vishale kama mimi nilivyokula kwa kuchonga chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo. Masika amejiandikisha, mwanamuke ni yeye peke yake. Usifikiri ni mama anayejichekesha. Tangu Paulin afe anarusha kila asubuhi kabla ya kufungua mulango, na hakuna mwanaume Birere aliyemushinda, hata askari wa kambi ya Katindo walikuja na vifua mbele, wakarudi wamenunulia nganda nzima bia. Nilimuuliza anatafuta nini Nairobi kwa umri wake. Akaacha kupanguza glasi, akanitazama, akasema, "Nataka nijue kama mukono wangu unajua kitu, muzee, ama unajua tu huu ukuta."

Sasa juma lililopita nikapita kwenye ile salle kuchungulia, wakaniruhusu kujaribu, nikarusha, vishale vyote vikashuka chini ya ubao vikagonga ukuta. Nikasema ni macho. Nikarusha tena, chini. Ndipo nikaenda kusimama karibu na ubao, nikaona katikati yake iko sawa na utosi wangu, na kwa Masika katikati iko sawa na kifua changu. Mama Béata, musumari haukusogea, ni sisi tulioinuliwa na ile sakafu ya volkano, na miaka yote hii Birere nzima tunarusha kama watu wanaotupia kuku mahindi. Ndiyo maana wageni wanashindwa kwetu, na ndiyo maana Masika atashindwa kule, mbele ya watu, na atarudi anaamini kwamba mukono wake haujui kitu.

Souci yangu, taabu yangu, ni hii. Ubao lazima upande, na ili upande lazima musumari wa Paulin ung'olewe, na wa kusema ung'olewe ni nani, ni mimi, mimi huyu huyu ninayengojea afagie. Nikimwambia, atasema muzee anamuondoa Paulin ukutani ili atundike koti lake. Nikinyamaza, atakwenda kuaibika na mimi nilijua. Nilifikiri kuchimba ile sakafu pale wanaposimama wachezaji, nikajaribu siku moja Masika akiwa sokoni, nyundo ikaruka ikanipiga kwenye goti, nikamwambia nimeteleza, akanikanda kwa maji ya moto, sikujuta sana. Nilifikiri kumuomba ajifanye mugonjwa siku ya mashindano. Nilifikiri kuung'oa kimya kimya akiwa misa. Usiku sipati jibu, muchana napata bia. Nimwambie, ama ninyamaze? Na tafadhali usitaje ninapokaa.

Ni mimi, Muzee wa Katindo.

*

Muzee wangu,

Nimecheka, na mikro ilikuwa wazi, unisamehe. Halafu nikafika pale Kalengera, kicheko kikaisha. Pole kwa Paulin. Inaonekana ulimupenda na yeye pia.

Sasa nikugombeze kidogo. Ugonjwa wa kujifanya, futa. Kung'oa kitu cha mujane akiwa misa, futa kabisa, na kwa kule kufikiria tu uende ukaungame.

Halafu unieleze jambo moja. Umeishi kwa nyundo. Mutu akitaka kitu kikae juu zaidi ukutani anafanya nini? Anapiga musumari mwingine, juu. Hata mimi nisiyejua kushika nyundo najua. Barua yako nimeisoma mara mbili, kung'oa kumejaa humo, lakini musumari wa pili sikuuona. Ubao hauna shida na musumari wa Paulin, muzee. Mwenye shida ni wewe. Sikulaumu. Kumuonea wivu marehemu ni taabu kubwa, maana hazeeki, hakosei tena, na haombi bia ya mukopo. Lakini uujue kwamba ni wivu, usiuvishe nguo ya vishale.

Na Masika umemukosea heshima, ingawa kwa upendo. Unamuficha ukweli kama vile ni yai. Mwanamuke aliyepanda njia ya Gisenyi na ubao kichwani, moto nyuma yake na bwana anamufokea, wewe unaogopa atavunjika kwa habari ya sakafu? Amekuuliza kitu kimoja tu maishani, kama mukono wake unajua. Ukinyamaza, utakuwa umemujibu vibaya. Akijua leo, bado siku zipo za kuuzoesha mukono kupanda. Mukono uliojifunza kushuka vizuri hivyo utajifunza na kupanda, na hapo ndipo atapata jibu la kweli, liwe tamu au liwe chungu. Liache liwe lake.

Basi fanya hivi. Mupeleke kwenye ile salle, arushe mwenyewe, aone vinavyoanguka. Usimupe hotuba. Akiuliza kwa nini, mwambie yote, na la volkano, na la goti. Kisha nunua musumari mumoja mupya, uuweke juu ya meza pamoja na nyundo, utoke nje uvute hewa. Apige yeye, mahali anapotaka. Ule wa zamani akiuacha wazi, akiutundikia picha, akiufunika kwa kalenda, wewe huna neno. Umesikia? Hata dogo.

Na ndoa, usiiguse mpaka mashindano yapite. Akishinda, usimuulize siku hiyo, atakuwa amezungukwa. Akishindwa, usimuulize siku hiyo, utaonekana unaokota kilichoanguka. Muulize siku ya kawaida kabisa, ya kuuza bia, na safari hii ukamate ufagio umusaidie.

Jambo la mwisho. Majina umebadilisha, nakushukuru. Lakini ukuta umeuacha, volkano umeiacha, mbuzi wa mishikaki umemuacha, na saa hii nganda zote za Birere ziko na redio wazi, unajua hilo kuliko mimi. Nadhani ulitaka mudomo wangu ndio ukuvushie neno. Haya, barua nimeisoma hewani, nimekuvushia nusu. Kati ya kusema na kunyamaza huchagui tena.

Vaa viatu, muzee. Ukimukuta amesimama mulangoni, mikono kiunoni, usigeuke. Mwambie umekuja kumuchukua muende kwenye salle.