Nilichagua Ile ya Barua Pepe

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Nimeamua. Nafungua blogu. Mwalimu asiye na sauti afanye nini kingine? Daktari alisema koo langu halitarudi darasani, na nimechoka kukaa hapa Kitengela nikihesabiwa mgonjwa.

Nimeenda kwa Kiama, jirani anayetengeneza tovuti. Ako na kaduka nyuma ya petroli stesheni. Nilimwambia nataka tu mahali pa kuandika. Akacheka, akasema kila mtu husema hivyo, halafu wanakaa mwezi mzima wakichagua rangi.

Ameniambia kuna njia tatu. Ya bure – unafungua leo leo, lakini jina la kampuni yao linakaa ndani ya anwani yako, na siku wakifunga, maandishi yako yanaenda nao. Ya pili ni WordPress yenye jina langu mwenyewe. Hapo ni kama kujenga kwa ploti yako, lakini paa likivuja ni wewe unapanda juu. Ya tatu ni ile ya barua pepe. Ukiandika, inafuata msomaji mpaka kwa simu yake.

Nimerudi nyumbani nimechanganyikiwa kuliko nilivyoenda.

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimejaribu ile ya bure. Imenichosha. Anwani ndefu kama jina la mtu wa serikali. Kila rangi niliyochagua ilionekana kama tangazo la mazishi.

Naisula amepiga simu. Mtoto wa dada yangu Nashipae, wa Kajiado – wamefunga shule na tayari amechoka na ng'ombe wa baba yake. Ako Form Two na anasoma kila kitu, hata maandishi ya pakiti ya unga. Nilimweleza hizo njia tatu kama vile naongea na mtu mzima. Hakufikiria hata kidogo. Alisema nichague ya barua pepe, kwa sababu blogu mtu husahau kuifungua, lakini barua inakupata ulipo.

"Na mimi niwe wa kwanza, Aunty. Kabla ya wengine wote."

Nikamwambia sawa. Nilifurahi sana, kusema ukweli.

Jumatano, 6 Agosti 2025

Imefunguka. Ya barua pepe. Naisula amejiandikisha kabla hata sijamaliza kuweka picha yangu.

Kiama aliniambia kitu kimoja nikiondoka. Kwa tovuti, ukikosea unafuta, kesho hakuna anayekumbuka. Kwa hii, ukishabonyeza imeenda. Unaweza kufuta kwako lakini huwezi kufuta kwa simu ya mtu. Nilimjibu kwamba mimi nimesahihisha insha maisha yangu yote, sitatuma makosa.

Andiko la kwanza ni la vumbi la barabara ya Namanga. Makena, tuliyekuwa tukifundisha naye, amelisambaza kwa kina mama wa kanisa lao. Watu nisiowajua wanajiandikisha. Mmoja ameandika kwamba ninaandika kama mtu anayeongea. Nimelisoma hilo mara nyingi, sitasema ngapi.

Jumapili, 10 Agosti 2025

Sikuenda kanisani. Nimeandika tangu asubuhi.

Nilijiambia nitaandika juu ya ukame, lakini mkono ukaenda kwingine. Nimeandika ile siku tuliyoenda na Nashipae kule makao ya watoto, upande wa Ewuaso Kedong, kumchukua Naisula. Mvua. Ile pickup ya kuazima. Timothy, shemeji yangu, akiwa nyuma ya usukani, hazimi injini kwa hofu kwamba haitawaka tena. Dada alikuwa ameolewa miaka mingi bila mtoto, na watu walikuwa wameanza kumuuliza Timothy mbele yake kama haoni ni wakati wa kuoa wa pili. Halafu mtoto mdogo hivi, amefungwa kwa leso, amelala, hana habari kwamba maisha yake yanabadilika.

Naisula hajui. Nashipae na Timothy walikubaliana watamwambia akimaliza shule.

Nimetoa majina. Kajiado nimetoa. Ewuaso nimetoa. Nimebakisha "dada yangu" tu.

Ni kitu kizuri kuliko chochote nimewahi kuandika. Nililia nikikisoma.

Nimpigie Nashipae nimuulize? Atakataa. Najua atakataa. Ndiyo maana sijapiga.

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Nimebonyeza. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya chai, kabla sijapata akili nyingine.

Jioni – simu haijanyamaza. Makena anasema kina mama wamelia. Wengine wanataka kujua mtoto alikua akawa nani.

Nilikuwa na furaha leo. Naiandika hapa kwa sababu ni kweli.

Jumanne, 12 Agosti 2025

Nashipae amepiga. Kwanza sikujua ni yeye, alivyokuwa akiongea pole pole.

Mama mmoja wa kanisa Kajiado alimletea simu mpaka kwa duka lake, akamwambia, soma, hii si ni nyinyi? Makena alikuwa ametuma kwa huyu, huyu akatuma kwa yule.

Nilimwambia hakuna jina hata moja.

"Soipan, niko na dada mmoja tu, na kila mtu hapa anajua," akasema. "Jina ungeweka la nini?"

Nilimwambia niliandika kwa mapenzi. Akasema anajua. Akasema hiyo ndiyo inamuuma zaidi, kwamba hata hawezi kusema nilitaka kumuumiza. Halafu akaniomba nifute. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nimefuta, simu ikiwa bado sikioni. Nikamwambia imeisha. Akashukuru na kukata.

Nilikuwa nimekaa kwa kiti muda mrefu kabla sijakumbuka. Naisula. Wa kwanza kabla ya wengine wote.

Sasa hii kitu niliyochagua ina ukurasa unaoonyesha nani amefungua barua na nani hajafungua. Nimetazama. Amefungua. Jana, asubuhi ile ile. Na akafungua tena. Na tena.

Nimemwendea Kiama, nikamuuliza kama kuna njia yoyote ya kuirudisha. Alinitazama, akaniuliza nimeandika nini. Sikuweza kumwambia. Akasema pole. Hakunikumbusha kwamba alinionya, na nilijua anakumbuka.

Jumatano, 13 Agosti 2025

Nimempigia Nashipae nikamwambia kwamba mtoto ameisoma. Nikasikia ng'ombe kwa upande wake.

Alisema Naisula ako sawa. Amepika, amefua, amecheka na baba yake. Hajauliza kitu. Nashipae anataka kuamini kwamba hakuelewa. Mimi nimefundisha watoto wa umri huo. Alielewa kwa mstari wa tatu.

Niliomba niende Kajiado. Akakataa. Alisema Timothy hataki kuniona sasa. Timothy, ambaye hajawahi kuninyima hata chai.

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Nimefunga ukurasa wote. Wasomaji wanaandika kuuliza niko wapi.

Kama ningechagua ile ya bure, yenye anwani ndefu. Kama ningechagua ile ya pili, bado ningekuwa nachagua rangi. Huo ni ujinga. Si jukwaa lililoandika.

Jumamosi, 16 Agosti 2025

Ako hapa.

Nilifungua mlango saa nne nikidhani ni mtu wa maji. Naisula, peke yake, na kibegi cha shule. Aliinamisha kichwa nikiguse kumsalimu, kama siku zote. Nikakigusa.

Nimemtumia Nashipae ujumbe. Hakujua – aliambiwa mtoto anaenda kwa rafiki. Ameshapanda gari, yeye na Timothy wote wawili.

Nilimuuliza Naisula kama amekula. Akasema amekula. Nikaanza kuomba msamaha, nikasema sikupaswa kuandika, sauti ikakatika katikati kama kawaida yake. Alinisubiri. Halafu akasema hakuja kwa hiyo. Akatoa simu, akanisomea mstari mmoja kutoka kwa barua. Aliusoma vizuri, bila kutetemeka, kama wanavyosoma mbele ya darasa.

"Dada yangu alisimama mlangoni na mtoto mikononi, akageuka, na kwa muda nikajua anataka kumrudisha."

Akaweka simu chini.

"Ni hiyo tu nataka kujua. Mama alitaka kunirudisha?"

Nashipae hakugeuka. Hakusimama. Alitoka ndani ya ile nyumba mbio mbio, leso kifuani, akikanyaga matope na viatu vya kanisa, kama mtu anayeogopa wataitwa warudi. Huo mstari niliuweka mimi. Jumapili, karibu na mchana, kwa sababu hadithi ilikuwa inaenda rahisi sana mahali hapo na ilihitaji kusimama kidogo. Niliupenda. Makena alisema hapo ndipo kina mama walilia.

Nilimwambia ngoja nilete chai. Hiyo ndiyo kitu nilimwambia. Nimesimama jikoni, daftari juu ya friji, naandika kwa kalamu nene ya kuandikia mitungi.

Nikimwambia ni uongo, atauliza ni nini kingine niliongeza. Na atakuwa na haki. Leso? Mvua? Mvua ilikuwepo, naapa, lakini nani ataniamini kuhusu mvua?

Nikinyamaza, mama yake ataingia kwa mlango huo na atamkuta mtoto anayefikiri alikaribia kurudishwa.

Chai imechemka. Namsikia amesimama. Anakuja huku, anauliza kama anisaidie kubeba vikombe