Kanda ya Kwanza ya Vijana

Bibi yangu, shikamoo.

Huku Tukuyu mvua haiachi, na bado sina rafiki. Jana vijana wa kanisani walirekodi kanda yao ya kwanza kwa kinanda kipya cha umeme kinachojipigia ngoma chenyewe. "Basi mimi nirudi shambani," mpiga ngoma wao akatania. Mwimbaji mmoja aliugua, nami niliyekuja kutazama tu nikaimba beti zake. Tulirudia mara tano kwa kelele za mvua juu ya bati. Mwalimu wa kwaya akaandika majina ya waimbaji kwenye jalada.

"Na huyu, anaitwa nani?" akauliza, akinielekea.

Hakuna aliyejua jina langu. Nami nikaona haya kulitaja. Akaandika, "na mgeni mmoja."

Nitakutumia kanda hiyo. Wimbo wa kwanza, upande wa pili, ni mimi. Wewe utanitambua.

Mungu akutunze, Bibi. Nimekukumbuka mno.

Mjukuu wako,
Tumaini