Ripoti ya Neema

Jumanne, baada ya chakula

Hajaumia. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Neema alipiga simu mchana kutoka ughaibuni, anakorusha ndege ndogo. Jana, wakati wa kutua, magurudumu yaliteleza kwenye theluji, ndege ikatoka nje ya njia na bawa likavunjika. Abiria mmoja amevunjika mkono.

“Baba, watu wa uwanja walinionya theluji ni nzito, nikajiamini. Nikiandika hivyo kwenye ripoti, watachukua leseni yangu.”

“Andika kama ilivyokuwa.”

“Hata pole hunipi, mwalimu wee!”

Kweli, sikumpa. Nilikuwa nikiwaza tope la barabara ya Majimoto wakati wa masika, gari linavyokwenda litakako ukikanyaga breki. Ni mimi niliyemfundisha kuendesha pale, na kila alipoteleza nilimsifu kwamba haogopi.

Mama yake aliporudi kutoka kwaya, aliuliza binti amesemaje. Nilijibu, “Anakusalimu. Kazi inakwenda vizuri.”

Sasa hivi umeingia ujumbe wa Neema: “Nimeandika yote, Baba.”

Mama yake bado yuko jikoni. Naweka kalamu, niende nikamwambie.