Pakiti Niliyoiamini Kuliko Mama Mkwe

Jumapili, Aprili. Rau. Mvua imeanza kabla ya misa ya kwanza na mpaka sasa haijapumzika. Mlima hatujauona wiki nzima. Nguo za mtoto ziko kwenye kamba ya ndani siku ya tatu na bado zina ubichi.

Shajara, nisamehe. Mara ya mwisho kukuandikia ilikuwa mwezi wa kwanza, tena kwa kujigamba. Na ninyi mnaopita hapa kusoma, mlioacha ujumbe kuuliza Manka anaendeleaje, mniwie radhi pia. Sikuwa na kazi nyingi kuliko mama mwingine yeyote. Mwanzo nilinyamaza kwa hasira. Wiki hii nimenyamaza kwa aibu.

Kwa ambaye hajui: Manka ni binti yangu, ana miaka minne na nusu. Mwaka jana, baada ya kuharisha miezi, tumbo limejaa kama ngoma na mikono imebaki vijiti, daktari alituambia mwili wake haupatani na gluteni. Ni kitu kilichomo ndani ya ngano na shayiri. Akila hata kidogo, utumbo unaumia. Dawa hakuna, ila kutokula. Maisha yake yote.

Nilitoka pale nikijiambia, hili si gumu. Sisi ni watu wa ndizi. Mtori, kiburu, ulezi, maharage, maziwa ya ng'ombe wa nyumbani, ngano inaingilia wapi?

Inaingilia kwenye kopo la shule.

Saa nne watoto wa chekechea wanafungua makopo yao. Huyu ana andazi, yule chapati, mwingine biskuti za pakiti. Wangu ana kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage. Siku ya pili tu alirudi na kopo limejaa. Wenzake walimwambia anakula chakula cha mgonjwa. Akaniomba, mama, na mimi niwekee kitu cha kwenye karatasi. Hakuomba utamu. Aliomba karatasi inayolia ukiichana, kama za wenzake.

Ndipo nikaanza kuzunguka madukani.

Kuna duka kubwa mjini wanakonunua wageni kabla ya kupanda mlima. Rafu moja, chini kabisa, ina vitu vilivyoandikwa havina gluteni. Biskuti nane kwa bei ya kilo tatu za mchele. Nilinunua mara moja. Manka alimega moja, akaikalisha mdomoni, kisha akaitoa na kuniwekea kiganjani kwa adabu kabisa. "Mama, ina mchanga." Zile saba nilizila mwenyewe, maana kutupa kilo tatu za mchele siwezi. Kweli zina mchanga.

Madukani kwetu huku nako ni mitego mitupu. Unga wa lishe una picha ya ulezi mbele, ukigeuza nyuma, ngano imo. Krispi za mihogo zinakaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga sambusa. Wenye maduka wananijua kwa kugeuza pakiti. Mmoja aliniuliza, "Dada, unanunua au unakagua?" Nikamwambia nakagua, nikitosheka nitanunua. Sikutosheka.

Na hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Baba Manka ni mpishi wa wageni mlimani. Mgeni asiyekula ngano anatoa taarifa mapema, na vitu vyake vinaandaliwa. Anapandishiwa mkate wake, tambi zake, biskuti zake, juu ya kichwa cha mpagazi, mpaka kwenye baridi la mwisho. Kwa siku sita tu. Mwanangu ana siku zake zote za kuishi, na hakuna kichwa cha kumbebea. Anachopata ni masalia. Baba yake akishuka, yeye hamkimbilii baba, anakimbilia begi. Analipekua mpaka chini, akikuta nusu pakiti anacheza.

Basi mwezi wa kwanza, kwenye duka la hapa jirani, nikakuta konfleksi, vile vipande vikavu vya mahindi vya kumwagia maziwa. Bei ya mtu wa kawaida. Nikageuza nyuma, nikasoma neno moja moja: mahindi, sukari, chumvi, kimea. Ngano haimo. Shayiri haimo. Manka alizila kavu, kwa mkono, akacheka. Nikapiga picha nikaiweka hapa, nikawaandikia, jamani nimepata.

Mliozinunua kwa ajili ya picha ile, acheni leo. Nimeifuta. Nisingeandika leo kama si hilo.

Kimea. Nani Uchagani hakijui kimea? Nimekua nikimwona mama yangu akiloweka ulezi, akiufunika kwa majani ya mgomba mpaka uchipue, akiuanika, akiusaga kwa ajili ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Wala sikukiwaza mara mbili. Nilikisoma kama mtu anavyosoma jina la ndugu yake.

Mwezi wa pili tumbo likarudi. Nikahesabu siku, nikaona limeanza baada ya Manka kulala kwa bibi yake, Uru. Mama mkwe wangu aliwahi kumpa kipande cha andazi baada ya misa, mwaka jana, kabla hajaelewa vizuri. Mtoto alilia, naye ni bibi. Nilikuwa nimemsamehe, au nilidhani nimemsamehe. Kumbe nilikuwa nimeweka akiba.

Jumamosi iliyofuata tulipanda. Jumuiya walikuwa wamekuja kusali kwake, akina mama kama kumi, wamekaa sebuleni na chai. Manka akakimbilia chooni mara ya tatu. Nikasimama palepale katikati ya watu.

"Mama, umempa nini huyu?"

"Kiburu. Na maziwa."

"Na wiki iliyopita?"

"Mama Manka, keti kwanza unywe chai."

"Chai sinywi. Mwanangu hatakula tena kwenye jiko hili."

Mama mmoja wa pembeni akasema kwa sauti ya chini, ila si ya chini sana, "Haya, kidato cha nne kimeongea," maana ndipo nilipoishia shule. Mwenzake akakoroga chai ambayo haikuwa na cha kukorogwa. Mama mkwe wangu alikuwa ameshika chupa ya chai kwa mikono miwili, akabaki ameishika hivyo. Nikambeba mtoto, nikashuka.

Miezi miwili hatukupanda Uru. Kwa kuwa sikuwa tena na ulezi wa bibi wala ndizi zake, konfleksi zikawa za asubuhi na za kwenye kopo. Mtoto anakonda, nami namwongezea. Nampulizia kijiko, namwambia kula mwanangu upone.

Nilikuwa namlisha ugonjwa, naye ananishukuru.

Masika wageni hupungua, kwa hiyo baba Manka yuko nyumbani. Jumanne alikuwa anapanga vyombo, mpishi hawezi kukaa bure, akaikuta pakiti.

"Mama Manka, hizi nani anakula?"

"Nani mwingine? Mwanao."

Akageuza nyuma. "Hizi mgeni wetu mmoja alizikataa mezani. Yule mama halikuwa jambo la mchezo kwake. Alinionyesha hapa." Akaweka kidole kwenye kimea.

"Kimea ni ulezi," nikamwambia.

"Cha mbege ni ulezi. Cha viwandani wanachipua shayiri. Na mimi nilibishana naye hivyohivyo, nikamwambia kwetu ni ulezi, akacheka mpaka akakaa chini."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza lini? Nilikuwa juu. Na huko unakoandika mimi sisomi."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliichukua pakiti akaenda kuwamwagia kuku, akarudi akaniuliza jambo moja tu: "Uru utaenda lini?"

Kwa ambaye si wa huku, sale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani mwa mashamba. Ukimkosea mtu kosa zito unampelekea jani lake, umelifunga fundo. Hawezi kulikataa. Alhamisi nilikata jani, nikalifunga, nikamchukua Manka, tukapanda kwenye matope.

Mama mkwe alikuwa jikoni anamenya ndizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Nikapiga magoti, nikampa jani kwa mikono miwili, nikaeleza. Pakiti, mahindi, kimea, shayiri. Alinisikiliza bila kuacha kisu.

"Kimea," akasema.

"Ndiyo mama."

"Cha shayiri."

"Ndiyo."

"Basi hata mimi ningenunua."

Hapo ndipo nilipolia. Alilipokea sale, akalichomeka juu ya mlango, akarudi kwenye ndizi zake.

"Sale halikataliwi. Nimekusamehe, sina kitu moyoni. Lakini mtoto simlishi."

"Mama, mimi mwenyewe naomba umlishe."

"Uliyasema mbele ya watu. Akiugua tena, hata ikiwa malaria, wale waliokuwepo watasema ni jiko langu. Mara moja nimevumilia. Mara ya pili sina kifua."

Manka alikuwa ameshaegemea goti lake. "Bibi, njaa." Sufuria ya ndizi ilikuwa inatokota pale pale, na harufu yake. Bibi yake akanitazama mimi. Nikafungua mkoba nikatoa nusu pakiti ya biskuti za mchele, masalia ya mlimani. Mwanangu akala pakiti kwenye jiko ambalo halina hata punje ya ngano, huku chakula anachokitaka kinaiva mbele yake. Hakulia. Amezoea kuambiwa hapana.

Nikageuza uso nisitazame, nikaona kwenye ukuta sufuria ndogo imetundikwa peke yake, mbali na zingine. Ina uzi mwekundu kwenye mkono.

"Ile ni ya nini, mama?"

"Ya Manka. Niliinunua wiki ile mlipotoka kwa daktari. Haijapikiwa mtu mwingine."

Ilikuwa pale siku zote. Ilikuwa pale hata siku ya jumuiya, hatua chache kutoka niliposimama, na hakuitaja. Angeweza kuileta sebuleni akaniwekea mbele ya wale wanawake wote. Aliniachia heshima yangu, mimi nikashuka na ya kwake.

Tulipokuwa tunaaga akaniomba ile karatasi ya biskuti. Akaenda nayo dirishani. Akaisogeza mbali, akaivuta karibu na pua, akaigeuza juu chini.

"Maandishi gani haya, kama mayai ya chawa. Wewe una macho ya miaka ishirini na sita na ulikosea. Mimi ningeona nini?"

Nikamwambia kweli, mama. Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye kanga yake. Sikumuuliza ya nini.

Tangu Alhamisi naliwaza lile fundo. Msamaha nimepewa, na mlango wa jiko bado umefungwa, na niliyeufunga ni mimi, kwa kelele. Sitamlazimisha. Nitapanda kila Jumapili mvua ikiruhusu, nitakaa jikoni kwake, nitamenya ndizi. Na jumuiya watakapokusanyika tena kwake nitasimama palepale niliposimama, niseme kwa sauti ileile kwamba mkosaji nilikuwa mimi. Yule aliyenitupia kidato cha nne namsubiri, na aseme.

Tumbo la Manka limeanza kulegea. Leo amekula ndizi mbili na kuomba ya tatu. Kesho shule, na kopo halina kitu.

Dada yangu wa Dar, najua unasoma hapa. Umesema niandike kilichobaki ukitume kwa basi la Jumatano. Unga wa mchele umefika, asante. Bado hivi:

Tambi za mchele, pakiti nne. Zile nyembamba, zisizo na kipakiti cha viungo ndani.

Biskuti zisizo na gluteni, za bei utakayoweza, mbili tu. Onja kwanza. Zikiwa na mchanga ziache hukohuko.

Bisi za mahindi za pakiti ndogo, zenye karatasi inayolia. Nipigie picha ya nyuma kabla hujalipa. Ukiona neno kimea, rudisha.

Konfleksi usitume hata ukipewa bure.

Na miwani ya kusomea, ya mtu aliyevuka miaka sitini. Chagua yenye fremu ngumu, maana itavaliwa jikoni kwenye moshi, na itatundikwa kwenye msumari mmoja na sufuria yenye uzi mwekundu.