Barua Tuliyoipelekea Bodi

Tunduma, Jumatano

Mama Neema mpenzi,

Nakusalimu kwa upendo. Upepo wa hapa unatia vumbi hata kwenye chai, lakini aliyeniharibia chai leo ni Simkoko, tuliyesoma naye shule kule Mbozi. Alikuwa akiwachekesha watu mgahawani: “Yule mkuu wetu wa shule, Mjerumani, mwalimu wa Kilatini, tulimng'oa sisi! Alituchosha na mitihani, tukaiandikia bodi ya shule kwamba anatupiga. Uongo mtupu!”

Nilimwambia anyamaze. Akajibu, “Usinikaripie, mzee mwenzangu. Mimi nilitia sahihi tu. Mwandishi ulikuwa wewe.”

Nina hasira, maana ni kweli. Hoja nilizipanga kama alivyotufundisha mwalimu mwenyewe. Bodi ilipomfukuza na kumpa barua ile, aliisoma darasani, akaiandikia alama tisini, akaiweka mezani kwangu, akaenda kufunga mizigo. Hakufundisha tena popote.

Barua hiyo imo katika sanduku la bati, kati ya karatasi nilizokuagiza uzichome. Usiichome. Nataka niwasomee watoto mwenyewe. Siku zote nakugombeza kwa kuchelewa. Safari hii, mpenzi, naomba uwe umechelewa.

Mumeo,
Baba Neema