Fyuzi Niliyoifunga Pindoni

Baba Zuhura, mume wangu,

Amani iwe juu yako huko uliko. Leo tepurekoda yako imesema tena, na sina wa kumweleza jambo hili ila wewe.

Unaikumbuka harusi ya Mwajuma, jirani yetu? Zuhura nilikuwa ningali nikimnyonyesha. Taarabu ya tepurekoda yako imekolea, kina mama wamesimama, mara kimya. Ukachomoa waya ukutani, ukafungua kifuniko cha nyuma, ukaitoa fyuzi na kuielekeza dirishani. Mdogo wako Salumu alikwisha kurarua pakiti yake ya sigara akatoa ile karatasi ya kung'aa.

"Kaka, izungushie hii, watu wacheze!"

"Fundi huyu atatuozesha kwa kimya!" akadakia mama mmoja, wenzake wakapiga vigelegele vya kukusuta.

Hukuhamaki. Ulinipa mimi kile kichupa kidogo cha kioo nikishike. "Tazama, Mama Zuhura. Kingekuwa cheupe, uzi wake umekatika tu, tungesema kimechoka. Hiki kimeungua kikawa cheusi, maana yake kuna mahali pamepiga shoti. Fyuzi imekufa kwa ajili ya kitu. Tutafute kitu hicho kwanza." Ukazipitisha waya za ndani vidoleni mwako, moja moja, mpaka ukaupata ule uliobanwa na kifuniko ukachunika ngozi, ukaufunga utepe ndipo ukatia fyuzi mpya. Watu walisubiri. Baadaye walicheza mpaka alasiri.

Tena ulikuwa na desturi yako. Msiba ukitokea mtaani, kabla hujavaa kanzu kwenda kuzika, uliitoa fyuzi, asije mtoto au mgeni akawasha muziki na jirani ana maiti ndani. Ulipokufa wewe, kazi hiyo niliifanya mimi. Waosha walikuwa nawe chumbani. Nikaenda sebuleni, nikaitoa, nikaifunga pindoni mwa kaniki yangu. Katika shajara yangu ya siku ile kuna mstari mmoja tu: Fyuzi nimeitoa.

Nilikaa nayo eda nzima. Kila nilipojitanda niligusa lile fundo. Siku ya kutoka eda somo yangu, Bi Mwanahawa, akaniogesha, akachukua nguo za eda kama ilivyo haki yake, akarudi nazo kwao, kile kijiji kipya cha ujamaa kupita Mingoyo. Fyuzi ikaenda naye. Nilikumbuka wakati gari limekwisha kuondoka.

Nisingekuwa na haraka, lakini Zuhura aliniuliza, "Mama, baba alikuwa anaongeaje?" Nikajaribu kumwigizia sauti yako, nikashindwa. Na kanda yenye sauti yako ni moja tu.

Salumu akaja na karatasi yake ya sigara. "Shemeji, mtoto anataka kumsikia baba yake, nawe unangoja fyuzi? Dukani hata sabuni hakuna!"

Mkono wangu ulikwisha kunyooka kuipokea. Nikaurudisha. Mashine ikiungua na kanda humo, kanda ile haina ya pili.

Bi Mwanahawa alipopata habari zangu aliirudisha kwa mkono wa mjukuu wake, pamoja na ujumbe: "Nilidhani ni hirizi yako, mwanangu, nikaitunza." Nilicheka, mara ya kwanza tangu ulipokwenda. Nikaitia, nikawasha. Cheche moja, basi. Nilipoitoa, kioo kilikuwa cheusi.

Nililia, sikufichi. Salumu aliitazama ile fyuzi, akairudisha karatasi yake mfukoni. Kisha nikachomoa waya ukutani, nikafungua nyuma, nikazipitisha zile za ndani vidoleni kama wewe. Panya walikuwa wamejenga humo na kuguguna tulipokuwa tukikulilia. Waya mbili zilikuwa wazi, shaba juu ya shaba. Nilizikata palipoharibika, nikaziunga kila moja peke yake, nikazifunga kwa utepe wako mweusi. Baada ya hapo ilikuwa ni kusubiri, mpaka dereva mmoja wa lori aliponiletea fyuzi nyingine kutoka Dar es Salaam. Ameifikisha leo.

Nimewasha. Taa imewaka, kanda ikazunguka, ukatoka wewe: "Moja, mbili. Inashika? Mama Zuhura, sogea useme kitu." Nami nikasikika kwa mbali nikicheka, "Niache, wali unaungua!"

Zuhura alikuwa ameketi mkekani, kidevu juu ya magoti. Akasikiliza mpaka mwisho, akanigeukia.

"Huyo nani?"

Salumu aliinuka akatoka nje.

"Ni baba yako," nikamwambia.

Akaitazama tepurekoda. Akazunguka akaangalia na nyuma yake. Kisha akarudi mkekani akaketi.

"Mwambie aseme tena."

Basi narudisha kanda, Baba Zuhura. Nitairudisha mpaka akujue.

Pumzika. Wali haukuungua siku ile, ningeweza kusogea.

Mkeo,
Mama Zuhura