Kinu cha Odilia kwenye Njia ya Tembo

Kijiji Kipya, Mikumi
3 Agosti 1975

Binti yangu Perpetua,

Pokea salamu. Mimi sijambo, ila magoti yanadai talaka. Wewe na hiyo mashine yako ya kupiga chapa huko ofisi ya wilaya Kilosa, hamjambo?

Tumehamishwa. Kwetu kule kumeingizwa hifadhini. Lori lilikuja ghafla, nikapakia kuku, kitanda na kinu cha marehemu mama yako, Odilia. Hapo nikakosea. Kinu cha marehemu hakiondoki mpaka mtani aende kaburini kumwomba mwenyewe ruhusa, na mtani wangu Joha alikuwa msibani Berega, dereva anapiga honi. Odilia hakuambiwa kitu. Sasa kila alfajiri kinu kinatwanga. Mimi mchi sijawahi kuushika, wewe shahidi. Nikitoka nakikuta kitupu, kina joto.

Halafu kijiji chenyewe kimekaa katikati ya njia ya tembo! Bwana mpimaji aliona tambarare isiyo na kichaka, akafurahi. Nikamwambia, "Mwanangu, waliofyeka hapa wana mikonga." Akacheka.

Niombee kibali niingie hifadhini na Joha, tukamwambie mama yako tulipo.

Baba yako mkorofi,
Nikolaus


Kilosa
19 Agosti 1975

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, nahofia wewe tu.

Nimeuliza. Sheria mpya haimruhusu mtu kuingia, hata mwenye kaburi. Askari wanakamata. Nitauliza tena, na habari ya njia ya tembo nitaifikisha. Tafadhali usiende. Hicho kinu kifunike gunia, ni panya tu.

Mwanao,
Perpetua


Mikumi
30 Agosti 1975

Marahaba, mama sheria.

Afya ipo. Panya wako nao wamefika, wana pembe. Wamepita walikopita siku zote. Ukuta wa jirani yangu Teresia ulikuwa mbele, wakapita nao. Bahati nzuri mwenyewe alikuwa kisimani.

Jike kubwa likasimama mlangoni kwangu, likaingiza mkonga ndani ya kinu, likanusa taratibu. Nikalitania, "Shemeji, unga umekwisha." Halikuondoka mpaka nilipotaja jina la Odilia. Sikucheka tena siku ile, nami unanijua, hucheka hata kanisani.

Waambie wakubwa wako: tembo mmempa nyumba, mlango mmeusahau. Na mama yako anatutafuta. Sitangoja sana.

Baba yako


Kilosa
24 Septemba 1975

Baba,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje?

Nimewasumbua wakubwa mpaka wamenichoka, wamekubali! Njia ya tembo, toka hifadhini hadi milimani, italindwa kisheria: hakuna kujenga wala kulima. Nyumba zilizo juu yake zitasogezwa, yako na ya Teresia kwanza.

Na kibali chenu hiki hapa, kina muhuri. Mtaingia na askari wa wanyamapori. Mngojeeni, baba. Chukueni kinu, mwambieni mama namsalimu.

Mwanao,
Perpetua


Kijiji Kipya, Mikumi
11 Oktoba 1975

Mwanangu Perpetua,

Hujambo? Sisi wazima, Teresia anajenga upya.

Barua yako nimesomewa na mwalimu. Baba yako hakuwahi kuipokea. Alishajitwika kinu, na magoti yale yale, akashika njia ya tembo peke yake. Hata mimi mtani wake hakuniaga.

Nimeingia na askari kwa kibali chako. Kinu tumekikuta kimesimama kaburini, viatu vyake kando. Nyayo za tembo zimekizunguka, hakuna kilichokanyagwa. Yeye hatukumwona, wala damu, wala nguo. Mama yako nimemwambia yote, na salamu zako nimefikisha.

Kazi yangu msibani ni kumtukana kizee yule. Matusi nimeyaweka tangu ujana wetu, mazuri kabisa. Lakini mtani hatukani pasipo maiti. Bado nimeyaweka.

Nyumba zimesogezwa, njia iko wazi, tembo wanapita bila ugomvi. Ila alfajiri tunasikia kutwanga kutoka hifadhini. Siku hizi ni michi miwili. Mmoja unakwenda sawasawa. Wa pili unakosea mapigo, unasimama, unaanza tena, kama wa mtu ambaye hajawahi kuushika.

Mtani wa baba yako,
Joha